Magunia ya Ubaruku, Excel ya kwenye simu, na kozi tisa nilizoziacha njiani

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi pale ukumbini Uyole, hapa Mbeya, mbele ya vijana na wafanyabiashara wadogo. Kuna waliofika nishamaliza, kuna waliokwama Igurusi gari imewaharibikia, wakaniomba niiandike. Nimeandika jinsi nilivyoongea, na pale nilipochapia nimepaacha hivyo hivyo.

Mwagonile jamani! Haya, na nyie mliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Wazee wangu mliokaa hapo mbele na makoti yenu, shkamooni. Najua baridi ya leo sio ya kukaa kwenye viti vya plastiki ila tuvumiliane, nimeambiwa chai inakuja.

Nimeitwa niongee kuhusu kozi za onlaini, za biashara na za teknolojia, mtu achague ipi aache ipi. Nilivyopigiwa simu nikajua wamekosea namba maana mi nauza mchele Mwanjelwa, wengi humu mnanijua, na wengine nawadai (kicheko). Elimu yangu ni form four na hesabu nilipata F, sio D, F. Kwaiyo ukiona leo nasimama hapa kuongelea mambo ya kompyuta ujue sijatumwa na kompyuta, nimetumwa na hasara.

Ngoja niwaeleze hiyo hasara vizuri kwa sababu ndo kila kitu kimeanzia hapo.

Mnajua biashara ya mchele. Unaenda Ubaruku unakaa mashineni unachagua, unapakia, unakuja kuuza mjini. Miaka yote nilikua napiga hesabu kichwani. Nimenunua kilo kwa 2,000 nauza 2,200, faida mia mbili. Nimeleta magunia 20 ya kilo mia mia, hizo ni kilo 2,000, mara mia mbili, faida laki nne. Safi kabisa. Mtu yeyote angeniuliza biashara inaendaje ningemwambia inaenda, nashukuru Mungu. Ila kila nikitaka kurudi Ubaruku pesa ya mzigo haitoshi, naenda kwa dada yangu kukopa. Faida laki nne kila mzigo na bado nakopa! Nikawa nawaza labda kijana wa dukani ananiibia, nikawaza labda kuna mtu kanitupia jambo, si mnajua tena Mbeya yetu.

Siku moja mwanangu wa kwanza alikua karudi likizo, akaniambia mama hebu tuandike. Tukakaa na simu yake na daftari langu la mistari lile lenye mafuta ya taa. Ununuzi milioni nne. Gari elfu tatu kila gunia, hiyo elfu 60. Kupakia buku na kushusha buku kila gunia, elfu 40. Jumla milioni 4 na laki 1. Afu akaniuliza, umeuza kilo ngapi? Nikamwambia si 2,000. Akasema hapana, ulizouza, sio ulizonunua. Nikakaa kimya. Sikua najua. Tukapita karatasi za mauzo za wiki sita tukajumlisha moja moja, ikaja kilo 1,946.

Kilo 54 hazipo. Hakuna mwizi. Mchele ukikaa unakauka, na mizani ya kule sio mizani ya kwangu, na panya wapo, na mteja anachota kiganjani anatafuna anasema huu wa zamani anaondoka, na mimi mwenyewe jioni nabeba kilo mbili za nyumbani siandiki. Kilo 1,946 mara 2,200 ni milioni 4, laki 2, elfu 81 na mia 2. Toa gharama, inabaki laki 1, elfu 81 na mia 2. Afu pango, laki na ishirini kwa mwezi, mwezi mmoja na nusu ni laki na themanini.

Nimebaki na shilingi elfu moja na mia mbili. Wiki sita. Soda na chapati.

(Hapa ukumbi ulicheka ila kuna mama mmoja wa viazi hakucheka, alikua anaangalia daftari lake.)

Sasa kwa nini nawaeleza mambo ya kilo 54 wakati mmekuja kusikia kozi. Kwa sababu hiyo ndo siku ya kwanza mi nilikua na swali. Kabla ya hapo nilikua nishajiandikisha kozi tisa. Tisa! Ujasiriamali, uongozi, sijui fikra za kitajiri, kutengeneza tovuti, kuna moja ya sarafu za mtandaoni hata sijui niliingiaje. Zote sikumaliza hata moja. Nilikua nikiona tangazo nabonyeza, nikibonyeza najisikia nimeshasoma. Siku ile ya elfu moja na mia mbili niliingia intaneti nikiwa na kitu kimoja tu kichwani, nataka kujua mzigo wangu unapotelea wapi bila kusubiri mtoto arudi likizo. Nikatafuta kozi ya Excel, ile programu ya majedwali ya hesabu, ya kuanzia, ya bure, ya wiki nne. Nilitumia wiki saba lakini niliimaliza. Mimi wa F.

Na sikua na kompyuta. Nilitumia Google Sheets kwenye simu, ni bure, mambo ya msingi yanafanana na Excel. Jedwali langu la kwanza lilikua na safu tano tu, tarehe, kilo zilizoingia, kilo zilizotoka, bei, gharama. Mwalimu yeye alikua anafundisha kwa mfano wa duka la baiskeli huko kwao, mi kila akisema baiskeli naweka gunia. Kazi ya nyumbani alisema jumlisha mauzo ya mwezi, nikajumlisha ya kwangu. Kufika wiki ya tano nimeshajua gunia linalokaa zaidi ya wiki tatu linanila, na nimeshaacha kununua 20 kwa mkupuo, nanunua 10 mara mbili. Kozi ilikua haijaisha na tayari imeshanilipa.

Kwaiyo mtu akiniuliza dada, kozi gani nzuri, mi namuuliza kwanza we unalala na swali gani. Kama huna swali nenda kafanye kazi wiki mbili urudi, swali litakuja lenyewe, halikosi.

Sasa msidhani kuacha kozi njiani ni ushamba wetu wa huku nyanda za juu. Mwaka 2019 kuna watafiti wawili, Justin Reich na José Ruipérez-Valiente, walichapisha kwenye jarida la Science hesabu za kozi za onlaini za Harvard na MIT, vyuo vikubwa vya Marekani. Wakakuta mwaka 2017 kuja 2018 katika watu mia waliojiandikisha, wanaomaliza ni kama watatu. Watatu! Ila waliolipia cheti, katika mia walimaliza 46. Mi sisemi pesa ndo inaleta akili, anayelipa mara nyingi ni yule ambae tayari ana nia. Ila nimejijaribu mwenyewe, kozi niliyoweka hata elfu kumi naiogopa, ya bure naidharau. Basi nimejiwekea utaratibu, naanza bure, nikifika katikati na bado naipenda ndo nalipa. Kulipa mwanzoni kwa sababu tangazo limekuchangamsha, hiyo hapana.

Na hapo kwenye kulipa ngoja nitubu dhambi zangu mbele ya kadamnasi.

Ya kwanza. Kuna mwalimu wa mitandaoni, simtaji, alikua anapiga picha kwenye gari ya watu, anasema atatufundisha kutengeneza maokoto ya dola tukiwa kitandani. Elfu 85. Nikatuma kwa simu. Nikaingizwa kwenye grupu la Telegram, mle kuna video arobaini, nusu yake zimekatwa kutoka YouTube, zingine zina jina la mwenye video pale chini kwenye kona, hata kulifuta hajalifuta! Wiki tatu grupu likafungwa. Nilichojifunza ni kwamba mtu akikuuzia kozi muulize kitu kimoja, hicho unachofundisha wewe umekifanyia wapi nikaone. Fundi cherehani ukimuuliza hivyo anakuonyesha nguo. Yule ningemuuliza angenionyesha gari ya watu.

Ya pili ni uzembe wangu. Tovuti moja ilisema siku saba bure, weka kadi. Siku hizi si unatengeneza kadi ya mtandaoni humo humo kwenye huduma ya pesa ya simu, nikaweka. Siku ya nane pesa ikakatwa, na mwezi uliofuata ikakatwa tena, mi nishasahau hata jina la kozi. Sasa nina mbinu ya kishamba kabisa, ile kadi naiwekea kiasi cha kozi peke yake, haibaki hata mia, wakija kukata wanakuta pamefagiwa. Na siku ninayojiunga naweka alamu ya siku ya sita.

Haya, wapi pa kutafuta. Sitawapa orodha ndefu maana mtaisahau kabla ya chai.

Kuna Coursera, walianzisha walimu wawili wa chuo cha Stanford, Andrew Ng na Daphne Koller, mwaka 2012, na mwaka huo huo Harvard na MIT wakaanzisha edX. Hawa wanabeba kozi za vyuo na za makampuni, kuna za Google, za IBM, za uhasibu, za data, za kuuza mtandaoni. Kozi nyingi unaweza kuonja bila kulipa, unacholipia hasa ni cheti na kusahihishiwa kazi, ila masharti yanatofautiana kozi kwa kozi kwaiyo soma kabla hujabonyeza. Na Coursera wana utaratibu wa kuomba kupunguziwa ada, watu hawaujui huo, unajaza fomu unaeleza kipato chako na kwa nini unataka hiyo kozi. Mi niliandika kuhusu mchele. Nikasubiri wiki mbili na siku kadhaa, wakakubali. Usione aibu kuandika ukweli wako, na usikopi maelezo ya mwenzako.

Kwa wale kama mimi wa F ya hesabu, Khan Academy. Huyu Salman Khan alikua anamfundisha binamu yake hesabu kwa simu na intaneti, yeye yuko mji mwingine binti yuko mji mwingine, ndugu wengine wakasema na sisi, akaanza kurekodi video, mwaka 2008 ikawa taasisi. Masomo yake yote ni bure mpaka leo. Nilirudia asilimia na sehemu mle ndani nikiwa na miaka arobaini na kitu, usiku, nimefunika simu na kitenge watoto wasinione nasoma ya darasa la sita. Hakuna mtu atakayejua umeanzia wapi. Wengi wanaoikimbia Excel hawaikimbii Excel, wanaikimbia asilimia.

Wa kuandika programu, freeCodeCamp ni bure yote na vyeti vyake ni bure, na ile kozi ya Harvard inaitwa CS50 ya mwalimu David Malan nayo unaisoma bure. Ila hizo nawaambia ukweli zinataka kompyuta na zinataka vidole, sio macho. Alison wao kusoma ni bure, cheti ndo wanauza. Udemy unanunua kozi moja moja, na wana tabia ya kushusha bei kila mara, kwaiyo ukikuta bei inakutisha funga, rudi baada ya siku chache.

Sasa umeipata kozi, utajuaje inakufaa? Mimi siangalii nyota wala utangulizi. Utangulizi wote ni mtamu, ni kama kuonja mchele wa juu ya gunia, muuzaji ameupanga. We ingiza ule mkuki wa kuchotea mchele katikati ya gunia. Fungua somo la katikati, la wiki ya tatu, uone kama mwalimu bado anafundisha au anasoma maandishi ya kwenye kioo. Afu nenda mwisho kabisa kaangalie kazi ya mwisho wanataka ufanye nini. Kama kazi ya mwisho ni kujibu maswali kumi ya kuchagua, utatoka na maswali kumi ya kuchagua. Kama kazi ya mwisho ni kutengeneza bajeti ya miezi mitatu ya biashara, jiulize, hiyo bajeti nikiwa nayo Jumatatu dukani nitaifanyia nini? Ukipata jibu, chukua kozi. Hicho kipimo kwangu hakijawahi kunidanganya, na kingekuwepo zamani zile tisa nisingeingia hata moja.

Angalia pia imerekodiwa lini. Lakini hapa kuna ujanja wake maana sio kila kitu kinachacha. Kuandika hesabu za biashara kwa pande mbili, kinachotoka na kinachoingia, mtawa mmoja wa Italia anaitwa Luca Pacioli aliyachapisha Venice mwaka 1494, na bado ndo tunayafanya. Excel yenyewe ni ya 1985, inawazidi umri wengi wenu humu ndani. Kozi ya uhasibu ya miaka kumi iliyopita soma bila wasiwasi. Ila kozi ya kuweka matangazo ya kulipia kwenye mitandao ya kijamii kama imerekodiwa miaka mitatu iliyopita utakuta vitufe vyote vimehamishwa, utakaa unatafuta kitufe mpaka bando liishe. Mambo ya akili bandia ndo usiseme, hayo yanachacha kama maziwa. Kama una muda wa kozi moja tu mwaka huu, chukua kitu kisichochacha.

Bando sasa, maana hapo ndo wengi tunafia. Video ya saa moja ukiiacha icheze na ubora wa juu inakula zaidi ya GB moja. Shusha mpaka 360, mwalimu ataonekana na ukungu kidogo kama Mbeya asubuhi ya Juni, lakini sauti ile ile na maandishi unayasoma. Kozi nyingi zinaruhusu kupakua kwenye programu yake, pakua usiku kwa bando la usiku, soma mchana bila data. Na nyingi zina maandishi ya maneno yote ya mwalimu, hayo yanafunguka hata kwa mtandao wa kusuasua. Mimi Kiingereza changu ni cha kuungaunga, kwaiyo nasoma maandishi kwanza, neno nisilolijua naliandika, afu ndo naangalia video nikiwa nimepunguza kasi. Mwanzoni nilikua naona aibu, mwalimu anaongea polepole kama amelewa, sasa nimezoea, nikimsikia kwa kasi yake ya kawaida naona ana haraka ya kwenda wapi.

Muda wangu ni saa kumi na nusu alfajiri mpaka saa kumi na mbili kasoro, kabla sijaenda sokoni. Usiku nilijaribu nikawa nalala na simu usoni. Kila mtu na wake.

Cheti. Najua hili mnalisubiri, nimewaona mmekaa vizuri. Jamani, cheti cha kozi ya onlaini ya wiki sita ni ushahidi kwamba umesoma, na ni kitu kizuri kwenye barua ya kazi hasa kama una kazi ya kuonyesha pembeni yake. Sio digrii. Sio diploma. Kama unachotaka ni digrii inayotambulika, hapo unaongelea TCU, ile tume ya vyuo vikuu, na kama ni shahada ya nje ya nchi uliza TCU kabla hujalipa, sio baada. Kusoma ukiwa nyumbani kwako sio kitu kigeni kwetu, Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, watu wamesoma na wamehitimu huku wanalima viazi. Na fundi uliyejifunzia mtaani, VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuupima ujuzi wako na kuutambua, hiyo usiidharau ukakimbilia cheti cha mtandaoni cha ufundi ambacho hakijawahi kushika spana.

(Maswali. Yalikua mengi, naandika matatu.)

Kijana mmoja fundi simu wa Kabwe aliniuliza, mama, mi nimeambiwa nisome Python, ile lugha ya kuandikia programu, ndo kuna hela, nianze? Nikamuuliza kwenye kibanda chako kinakusumbua nini zaidi. Akasema wateja wanaacha simu wanapotea, na vipuri hajui kipi kimeisha mpaka kiishe. Nikamwambia mdogo wangu, hayo ni majedwali mawili, la simu zilizopokelewa na la vipuri, wiki tatu unakua umemaliza. Python haikimbii, ipo tangu 1991. Ukishachoka kujaza hilo jedwali kwa mkono kila jioni ukaanza kusema hivi hakuna namna likajijaza lenyewe, siku hiyo ndo siku yako ya Python, na utaimaliza kwa sababu unajua inaenda kukufanyia nini. Hakufurahi sana na jibu langu, niliona. Labda nimekosea mimi, kuna watu wanaanza na Python kavu kavu na wanatoboa, ila katika ninaowafahamu mimi ni wachache na wote walikua na kompyuta yao na mtu wa kumuuliza.

Dada mmoja wa Tukuyu ana kikundi cha parachichi, wanawake kumi na wanne. Wao walishauriwa wasome kozi ya ujasiriamali ya miezi sita. Nikamwambia dada yangu, wewe unalima, unauza, unakopesha wenzio na unalea, ujasiriamali umebakiza nini? Nyie swali lenu ni lingine. Mwaka 2022 Tanzania tulisaini makubaliano na China parachichi zetu ziingie kule, na wanunuzi wengi wa Ulaya wanataka shamba liwe na cheti cha GLOBALG.A.P., maana yake kumbukumbu za dawa, za maji, za nani kachuma lini. Tafuteni mafunzo ya hivyo viwango na ya kutunza kumbukumbu, na msome wawili, sio kumi na wanne. Hao wawili ndo wafundishe wengine chini ya mti kwa Kinyakyusa. Bando la watu wawili, elimu ya watu kumi na wanne. Akasema ndaga fijo, akakaa, afu akasimama tena akauliza hao wawili tuwachagueje bila ugomvi. Hilo nikamwambia halipo kwenye kozi yoyote.

Wa mwisho alikua mzee mmoja hapo mbele, koti jeusi, anauza mbao kutoka Mafinga. Akasema binti yangu, umeongea vizuri, ila mi nina miaka 67, macho haya, simu yenyewe ya tochi. Na mbao zangu nazo zinapungua nisizione zinapokwenda. Nikamwambia shkamoo baba. Mbao hazikauki mpaka zikapungua idadi, kwaiyo wewe tatizo lako sio kama langu, wewe kuna mtu. Ukumbi mzima ukacheka na yeye akacheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza una mjukuu? Anao, yuko form two, anashinda kwenye simu ya mama yake. Basi baba, Jumatatu mlete dukani kwangu na daftari lako la mbao, aje mchana nikishafunga hesabu ya asubuhi, asije asubuhi maana nina mzigo wa Ubaruku unashuka, magunia kumi, na siku hizi hakuna gunia linaloingia ndani halijapita kwenye mizani.